Pingili ya Mgeni

Gentrix alikuwa bado juu ya pikipiki, mguu mmoja hewani, alipoanza kufoka. Mwenye pikipiki alidhani anafokewa yeye, akaanza kuomba radhi kwa ajili ya mashimo yote ya barabara ya Musanda, na maskini hakuwa hata amemrusha. Gentrix hakuwa na habari naye. Alikuwa akitazama shamba la mama mkwe wake, ambako wanaume saba wenye mapanga walikuwa wakiangusha miwa, mstari wa nne sasa, na trekta limeegeshwa kando likiwasubiri.

Miwa ile ilikuwa na miezi kumi na mmoja. Muwa uliopandwa upya katika sehemu hizi unahitaji mwaka mmoja na nusu, na anayeukata kabla ya hapo anavuna maji na majani. Ilikuwa imebaki miezi saba, na Gentrix alikuwa akiihesabu mmoja mmoja, kwa maana miwa ile ndiyo ingemjengea Mama Quinter nyumba.

Nyumba aliyokuwa akilala bibi huyo ilijengwa na marehemu mumewe kwa miti na udongo, na sasa ukuta wa nyuma ulikuwa umeegemezwa magogo mawili ili usije ukamwangukia mwenyewe. Hatua ishirini kutoka hapo ilisimama nyumba ya Gentrix na mumewe Were, mabati juu, saruji chini, na ndani yake chumba kitupu chenye kitanda kilichotandikwa. Kitanda hicho hakikuwa na maana yoyote. Mama mzazi halali chini ya paa la mwanawe. Ndivyo ilivyo huku, na Mama Quinter, aliyeyashika mambo ya huku kwa mikono miwili tangu alipoletwa akiwa msichana, angelala na mbuzi zizini kabla ya kuvuka kizingiti hicho na blanketi lake. Kwa hiyo hapakuwa na njia ya mkato. Miwa ikomae, nyumba ijengwe. Miwa ikikatwa mbichi, mvua nyingine kubwa ingemkuta ndani ya udongo ule ule.

"Nani amewatuma?" Gentrix aliuliza akiingia shambani na mkoba wake begani, viatu vya safari vikizama kwenye matope.

Kiongozi wa wakataji alisimamisha panga lake. "Ni kiwanda, madam. Shamba imepimwa jana. Ati iko sawa."

"Imepimwa?"

Neno hilo ndilo lililomwasha. Angeambiwa wamekosea shamba, angefoka kidogo kisha angewaonyesha njia. Angeambiwa ni wezi, angepiga mayowe kama watu wengine. Lakini kuambiwa kwamba shamba limepimwa, yeye Gentrix, ambaye maisha yake yote yamekuwa kupima miwa, hapana, hilo lilipita kiasi.

Inafaa mtu amfahamu. Alizaliwa karibu na Mukumu, mtoto wa fundi cherehani aliyekuwa akipima nguo mara tatu kabla ya kukata, na huenda ugonjwa ulitoka huko. Alisomea kazi ya maabara katika chuo cha Sigalagala. Akaajiriwa katika maabara ya kiwanda kimoja cha sukari, na kwa miaka kumi na mmoja kazi yake ilikuwa kuchungulia. Kifaa chenyewe kinaitwa refraktomita, jina kubwa kuliko mwili wake: kibomba cha chuma kinachoenea kiganjani, mbele kina kioo kilichokatwa mshazari, nyuma kina tundu la kutazamia. Unatia tone la maji ya muwa juu ya kioo, unafunika, unaelekeza kwenye mwanga, unachungulia. Ndani utaona duara, juu buluu, chini nyeupe, na pale rangi mbili zinapokutana pana namba. Hiyo namba ndiyo utamu. Mwanga unapotoka kwenye kitu kimoja angavu na kuingia kwenye kingine, haupiti moja kwa moja, unapinda. Na kadiri maji yalivyobeba sukari nyingi, ndivyo unavyopinda zaidi na ule mpaka unavyopanda. Gentrix alikuwa akisema kwamba katika nchi hii amekutana na shahidi mmoja tu asiyehongeka, nao ni mwanga.

Watu, hata hivyo, walihongeka. Siku moja mkuu wa zamu alimletea karatasi iliyokwisha kujazwa namba, na malori yenyewe hayajafika, akamwambia atie sahihi tu. Gentrix alimuuliza kama yeye huandika jina la mtoto na alama zake za mtihani kabla hajazaliwa. Aliuliza kwa sauti ambayo hata walinzi wa geti waliisikia. Wiki iliyofuata alipewa barua, na barua hiyo hakuisoma mpaka mwisho. Malipo yake ya mwisho aliyapeleka Kakamega mjini, akarudi na refraktomita yake mwenyewe ndani ya kisanduku chenye sifongo. Were, aliyekuwa akitarajia ng'ombe, alinuna wiki nzima, kisha akarudi Nakuru kwenye kazi yake ya ulinzi bado amenuna.

Tangu hapo hakuna aliyekuwa salama. Kwenye stendi ya Mumias alinunua gilasi ya juisi ya miwa, akaona ni nyepesi, akatoa kifaa chake pale pale, akatia tone, akachungulia, akageukia umati akatangaza: "Sita! Anawauzia maji ya mvua!" Muuzaji alihama upande ule wa stendi. Watu walimcheka, wakamwita Daktari wa Miwa, lakini walipotaka kujua kama shamba lao limeiva, walimtumia mtoto amwite. Naye alikwenda, bila malipo, na kama shamba halijaiva alimgombeza mwenye shamba kana kwamba ni yeye aliyelizuia lisiive.

Basi mtu kama huyo ndiye aliyekwenda Mukumu kumwona baba yake mgonjwa, akalala siku mbili tu, akarudi na kuambiwa kwamba shamba limepimwa.

"Weka hizo mapanga chini," aliwaambia wakataji. "Zote. Na yule anayefikiria nabembeleza, akate moja tu aone."

Waliyaweka. Wakataji wa miwa si watu wa kuogopa ovyo, lakini walikuwa wamechoka, na isitoshe uji ulikuwa unakuja. Mama Quinter mwenyewe ndiye aliyekuwa anauleta, kindoo mkono mmoja, vikombe mkono mwingine, akitembea polepole katikati ya miwa iliyolala. Alikuwa anatabasamu. 

"Umerudi, mama Beverly," alisema bibi, maana ndivyo alivyomwita mkwewe, kwa jina la mjukuu wake mkubwa. "Baba anaendelea aje?"

"Anaendelea vizuri, Mama. Mama, hawa watu..."

"Miwa imeiva! Mashine ndiyo ilisema. Huyu kijana alikuja jana, akasema tukikata sasa hata nyumba itakuja mapema. Mimi nikasema Mungu ni mwema. Wacha kwanza wanywe uji, hawa wamefanya kazi."

Akaanza kuwamiminia. Wanaume saba walipokea vikombe kwa mikono miwili bila kumtazama Gentrix usoni, na wa mwisho akasema asante mama kwa sauti ndogo sana.

Kijana aliyesemwa alikuwa ameketi kwenye kivuli cha trekta, miguu imenyooshwa, daftari juu ya paja. Jina lake Osundwa, afisa wa mashamba wa Kiwanda cha Neema, kiwanda kidogo kilichofunguliwa juzi juzi ng'ambo ya mto na ambacho tangu kifunguliwe kilikuwa kikiranda na njaa ya miwa kutoka kijiji hadi kijiji. Hakuwa mgeni wa mbali. Kwao ni kilima cha pili tu, mama yake na Mama Quinter walikuwa wakikutana kanisani. Alisimama akajipangusa suruali.

"Madam Gentrix, karibu. Shida iko wapi? Kila kitu iko kwa karatasi."

Alimpa ile karatasi kwa adabu zote. Kwa chini palikuwa na alama ya kidole gumba cha Mama Quinter, wino wa buluu, umekandamizwa vizuri. Juu yake palikuwa na nafasi mbili za kujaza, moja ya utamu wa chini ya muwa, moja ya utamu wa juu. Chini: kumi na tisa. Juu: kumi na tisa.

Gentrix alisoma mara mbili. Muwa ni mmea wenye tabia yake. Hujaza sukari kuanzia shinani, ukipanda pingili moja baada ya nyingine, mpaka siku utamu wa juu unapokaribia ule wa chini. Hapo ndipo umeiva. Kumi na tisa chini na kumi na tisa juu ni muwa uliokomaa mpaka unaomba panga. Miwa ya miezi kumi na mmoja haiwezi kusema hivyo hata ikitishwa. Mtu hahitaji shule kujua hilo. Mtoto yeyote aliyewahi kupewa kipande cha juu anajua kwamba kina maji maji, ndiyo maana alipewa yeye.

Na hapo, karatasi ikiwa bado mkononi, Gentrix alielewa.

"Mama," aliuliza, na akajilazimisha sauti iwe ya chini, kwa sababu mama mkwe hafokewi hata dunia ikiungua, "jana huyu alipokuja, muwa wa kupima aliukata mwenyewe?"

"Aukate na mimi niko?" Mama Quinter alishangaa. "Alikuja jua kali, nikamwambia kaa kwa kiti. Akasema, mama, hebu nikatie kamuwa kidogo. Nikaenda nikachagua ule mnene. Nikamkatia."

"Ukamkatia wapi?"

"Chini, kwa shina. Sasa mgeni utampeanga juu? Si hiyo ni matusi? Juu ni ya watoto na ng'ombe." Alicheka kidogo. "Tena alikuwa amekuja na ile mashine yake, nikafikiri anachezanga nayo. Alikula muwa yote akamaliza. Akasema, mama, weka kidole hapa tuonyeshe nilifika kwako. Nikaweka."

Tangu aolewe hapa, Gentrix alikuwa ameona desturi hiyo mara elfu. Mgeni akifika, muwa huchaguliwa, humenywa, na pingili zile za chini, zilizoshiba, hukatwa vipande na kuwekwa mbele yake kwenye sahani. Kilele hutupwa kando, wenyeji wakitaka watakitafuna baadaye. Hakuna anayefundishwa. Ni kama kumpa mtu kiti. Na mwanamke huyu wa miaka sabini na tatu, kwa mkono wake mwenyewe na kwa moyo mweupe kabisa, alikuwa amelikatia panga shamba lake kwa sababu mtu alimwamkia vizuri.

Hasira iliyompanda Gentrix sasa haikuwa ile ya kufoka.   Alitoa simu akampigia Mzee Swaibu.

Mzee Swaibu alikuwa mwenyekiti wa chama cha wakulima wa eneo hilo, Mwislamu wa Matungu, mtu wa maneno machache na kanzu safi, na trekta lolote halikuruhusiwa kubeba miwa ya mwanachama mpaka yeye atie sahihi. Alifika kwa baiskeli, akasalimia kila mtu, akaulizia afya ya baba yake Gentrix kwanza, kisha ndipo akatazama miwa iliyolala.

"Mwenyekiti, karatasi iko na kidole ya mwenye shamba," Osundwa aliwahi. "Mimi nimefuata sheria. Mashine ilisoma kumi na tisa. Mashine haina ujamaa na mtu."

"Ni kweli ilisoma kumi na tisa," alisema Gentrix. "Hata ukinipa mimi nipime pale ulipopima, itasoma kumi na tisa. Mashine haijadanganya. Wewe ndiye umeitumia kudanganya."

Mzee Swaibu alikuna kidevu. "Mimi, mwanangu, nitasema ukweli. Hizi mashine siziamini. Miwa naipima na ulimi. Kioo kitajua sukari namna gani?"

Siku nyingine Gentrix angemwambia aende shule. Lakini alimwomba mkataji mmoja lile bakuli la plastiki walilokuwa wakinawia, akaliweka juu ya gogo, akatoa shilingi tano mkobani akaiweka katikati ya bakuli.

"Mzee, angalia hii pesa. Sasa rudi nyuma. Rudi. Rudi mpaka ukingo wa bakuli uifiche. Unaiona?"

"Siioni."

"Simama hapo hapo, usitingishike."

Akachukua jagi la maji ya wakataji akamimina polepole kando ya bakuli, akiishika ile sarafu kwa kidole isisogee, kisha akatoa mkono. Mzee Swaibu alinyoosha shingo, akakumbuka ameambiwa asitingishike, akairudisha.

"Naiona," alisema. "Astaghfirullah. Imepanda."

"Haijapanda. Iko pale pale. Wewe pia uko pale pale. Kilichobadilika ni njia ya mwanga. Ukitoka kwa maji ukiingia kwa hewa unapinda, unaruka ukingo, unakuja kwa jicho lako. Haya ni maji matupu. Nikiweka sukari ndani, utapinda zaidi. Sukari nyingi, zaidi tena. Hii mashine inapima tu umepinda kiasi gani. Haijui ni shamba la nani, haijui nani ana haraka. Ndiyo maana ukiipa tone la chini peke yake, itakuambia habari ya chini peke yake."

Wakataji walikuwa wamesogea. Mmoja aliinama nyuma ya bakuli, akainuka, akainama tena, akipoteza ile sarafu na kuipata, mpaka mwenzake akamvuta shati.

"Leta mashine yako," Gentrix alimwambia Osundwa.

"Yangu? Si uko na yako?"

"Yangu utasema nimeirekebisha kwa sababu shamba ni ya mama. Leta yako."

Hakutaka kuitoa, lakini macho yote yalikuwa kwake. Gentrix alifungua mkoba, akatoa chupa ndogo ya maji ya betri, yale yanayouzwa vituo vya petroli, ambayo hayana chumvi wala kitu kingine. Akaosha kioo, akatia tone la maji hayo hayo, akampa Mzee Swaibu achungulie. Mpaka wa buluu na nyeupe ulikaa kwenye sifuri. Hivyo ilijulikana mbele ya mashahidi kwamba kifaa ni kizima.

Kisha akampa kiongozi wa wakataji kazi. "Chagua muwa wewe mwenyewe. Popote. Mimi sitagusa."

Yule bwana alichagua mmoja katikati ya shamba, akaukata chini, akauleta mzima. Wakakamua pingili ya shinani. Mzee Swaibu akachungulia: kumi na nane na nusu. Wakaosha. Wakakamua pingili ya juu, karibu na majani, ikatoa maji mengi, mepesi, ya kijani kidogo. Mzee Swaibu akachungulia muda mrefu, akafuta jicho, akachungulia tena.

"Nane," alisema.

Wakachagua mwingine. Chini kumi na nane, juu saba. Wa tatu: chini kumi na tisa, juu nane. Wa nne Osundwa aliuchagua mwenyewe, akauchagua kwa kuhangaika, ule mnene kuliko yote, na juu yake ulisoma saba na nusu.

"Chungulia," Gentrix alimwambia.

"Nimesikia namba."

"Nimesema chungulia!"

Alichungulia. Hakuna aliyejua alichokiona mbali na namba, lakini aliposhusha mkono hakukirudisha kifaa chake mfukoni, alikishika tu.

"Madam, elewa," alisema, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayejitetea nyumbani kwake. "Kule kiwandani tunaambiwa trekta isirudi tupu. Kila mtu anakatanga changa. Tusipokata sisi, hao wengine watakata. Na huyu mama mwenyewe ndiye alinipea ya chini. Mimi sikumlazimisha. Mkulima ndiye anapeana sampuli, imeandikwa hapo nyuma."

"Osundwa." Gentrix alimkaribia mpaka wakataji wakadhani atampiga, na kwa kweli mkono ulimwasha. "Mama yako, ukienda nyumbani na mgeni, anamkatia mgeni wapi?"

Osundwa aligeukia trekta.

"Nakuuliza. Wewe si Mhindi, wewe si mtu wa Nairobi. Umezaliwa kilima hiki. Mama yako anamkatia mgeni wapi?"

"Chini," alisema.

"Basi ulijua. Ungeomba sampuli, angekuambia, mama Beverly anarudi kesho, ngoja. Hukuomba sampuli. Uliomba muwa. Ulijua ukiomba kama mgeni atakupa ya chini, hata umpe panga na mashine na karatasi, atakupa ya chini, kwa sababu hajui kukunyima. Hukuiba miwa wewe. Miwa ingekuwa afadhali. Umechukua adabu ya mama mzee ukaitumia kumkatia shamba! Halafu ukamaliza sahani yote!"

Alikuwa anapiga kelele sasa, na machozi yalikuwa yanamtoka, jambo lililomwongezea hasira, maana hakupenda kulia mbele ya watu wanaostahili kutukanwa. Osundwa alitazama chini. Wakataji walitazama chini. Mmoja wao aliweka kikombe chake cha uji, bado kina uji nusu, juu ya nyasi.

Mzee Swaibu alichukua ile karatasi. Hakuichana, kwa sababu hakuwa mtu wa kuchana karatasi. Aliikunja mara nne akaitia mfukoni mwa kanzu. "Hii inaenda kwa kikao cha chama," alisema. "Nafasi ya juu imejazwa namba ambayo haikupimwa. Trekta iende. Shamba hii haitaguswa mpaka Gentrix aseme. Na wewe, kijana, usikanyage kwa mwanachama wangu mwingine mpaka tuitane." Akamgeukia Mama Quinter, akaona uso wake, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Trekta liliondoka tupu. Wakataji walimwendea Mama Quinter mmoja mmoja wakisema pole mama, pole mama, na yule kiongozi akabaki nyuma kuosha vikombe vyote kwenye lile bakuli kabla ya kuondoka, ingawa hakuna aliyemwambia.

Robo ya shamba ilikuwa chini. Gentrix alitembea katikati yake akipiga hesabu kwa sauti: hii haitasimama tena, itachipua upya lakini haitawahi wenzake, ile iliyobaki ikikaa miezi saba, itatosha. Ukuta wa matofali utatosha. Paa litatosha. Sakafu labda ingoje. Alikuwa amelishinda jambo lenyewe na bado alikuwa anatafuta mtu wa kumpiga. Alirudi akamkuta Mama Quinter ameketi kwenye kile kiti cha wageni mbele ya nyumba yake iliyoinama, mikono mapajani.

"Mama, nyumba itajengwa," alimwambia, akachuchumaa mbele yake. "Nimehesabu. Nakuapia. Tutaanza na msingi, halafu kuta, na paa la mabati, hata kama sakafu itachelewa. Hujakosea kitu, Mama. Unasikia? Hujakosea."

 Bibi alisema, bila kumtazama, "Mlango."

"Mlango utakuwepo, Mama."

"Hapana. Sikiza. Kwanza mlango." Nyumba ile ya udongo, katika miaka hamsini na zaidi, ilifungwa kwa ubao tu uliosukumwa na mguu, na mtu yeyote aliyepita mchana aliuona umewekwa kando. "Paa ingoje. Uniwekee mlango ya chuma. Na komeo kwa ndani. Na ile tundu ndogo ya kuchungulia, nione ni nani, kabla sijafungua."

Gentrix alitaka kumwambia kwamba si lazima, kwamba watu wote si Osundwa, kwamba wageni wataendelea kuja.  Badala yake alishika mikono ya mama mkwe wake, akatazama barabara ambako vumbi la trekta lilikuwa bado halijatulia, na kwa mara ya kwanza siku ile alijuta kwamba hakumpiga Osundwa kweli.

"Wa chuma, Mama," alisema. "Sawa."